Mvua si ruhusa

Mwaka wangu wa pili kazini niliandika barua ya kujieleza kwa sababu ya kijito. Nilikuwa karani katika halmashauri moja ya huku Nyanda za Juu Kusini, nimepanga ng'ambo ya maji ambayo kiangazi unayaruka bila kulowa viatu. Usiku mmoja wa Aprili yakajaa, yakaondoka na daraja la magogo. Asubuhi nikaangalia, nikarudi ndani kulala. Sikumpigia mtu. Si ofisi nzima inaiona hiyo mvua?

Kesho yake nikakuta mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio, na bosi ananiuliza, "Mbona mwenzako wa ng'ambo hiyohiyo alifika?" Mwenzangu alikuwa amelala kwa shemeji yake mjini, ila nani angenisikiliza saa hizo.

Kwa hiyo wewe uliyepangiwa huku juzi, usikae ukisubiri tangazo la kufunga ofisi. Msimu wetu ni Novemba hadi Aprili, na Rungwe hata Mei bado inamwagika. Wangefunga kila inaponyesha, halmashauri ingefunguliwa lini?

Maji yakikuzuia, mpigie mkuu wako kabla ya saa 1:30, halafu mwandikie ujumbe uleule, maana simu ya mdomo haiachi ushahidi. Piga picha ya mto. Ambatisha na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kama ipo, lakini angalia rangi ya onyo lenyewe: njano ni angalizo tu, na bosi wa huku halimtishi. Machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa, hapo anakusikiliza. Ukifika kazini, peleka maelezo kwa maandishi yaingie kwenye jalada lako hata kama hakuna aliyeyaomba. Siku moja haitakufukuzisha, kanuni za utumishi wa umma zinataja utoro wa zaidi ya siku 5, ila mvua zetu zinaweza kukufungia njia wiki nzima.

Kama umepanga chini ya mlima, hilo ni jambo jingine kabisa. Aprili 2024 tope la mlima Kawetere lilifukia nyumba Itezi, jijini Mbeya. Ukiona ardhi imepasuka au maji ya mlimani yamegeuka tope, toka na watoto kwanza. Daftari litasubiri.

Mimi nilihama ng'ambo ile mwezi uliofuata. Kodi ya mjini iliniuma, na gambuti bado ziko chini ya meza yangu.