Modeli za 3D za moyo: mbona wanafunzi bado wanapotea?

Swali: Daktari, nafundisha anatomia katika chuo cha afya cha ngazi ya kati. Maiti ya kujifunzia hatuna. Nina projekta, kompyuta chache na programu ya 3D. Nikizungusha moyo ukutani darasa zima linachangamka, lakini kwenye mtihani wa vitendo hawajui chemba ipi iko mbele. Nakosea wapi?

Jibu: Mwalimu, programu haina shida. Shida ni kwamba anayezungusha ni wewe. Wewe unajua unaelekea upande gani. Mwanafunzi anaona kitu kinazunguka tu, na punde hajui tena mbele ni wapi. Wagawe vikundi vidogo, kipanya washike wao.

Usianze na moyo uliokwisha kutolewa kifuani. Anza na kifua kizima kikiwatazama, waondoe kidari na mbavu wenyewe, na kabla ya kuondoa, kila mmoja aandike anachotarajia kukuta. Wengi wataandika kwamba chemba za kulia na za kushoto zimekaa ubavu kwa ubavu, kwani ndivyo michoro ya vitabuni ilivyo. Kumbe moyo umegeuka: sehemu kubwa ya uso wake wa mbele ni ventrikali (chemba ya chini) ya kulia, na atria (chemba ya juu) ya kushoto iko nyuma kabisa, jirani na umio. Kaa hapo, usiharakishe. Vali ya mitrali, yaani mlango kati ya atria na ventrikali za kushoto, ikiwa nyembamba kwa sababu ya homa ya rumatiki, atria hiyo hutanuka, na ikitanuka sana yaweza kuubana umio hadi mgonjwa ameze kwa taabu. Tabibu aliyeuona ujirani huo kwa mkono wake ataelewa malalamiko ya mgonjwa huyo.

Baada ya kuzungusha modeli, wajifunze kuisoma kwa mikato. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa mwaka 1994 picha za mwili wa mwanamume uliokatwa milimita moja moja, mradi uitwao Visible Human. Mpe mwanafunzi mkato mmoja wa kifua, autafute kwenye modeli. Mkumbushe kwamba picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kwa mikato) husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa, hivyo kushoto kwake kuko kulia kwako. Hapo wengi hujikwaa.

Ukitaka kuchapisha modeli, programu ya 3D Slicer ni ya bure na hutoa faili la STL, ambalo printa ya 3D hulisoma. Tafuta picha za CT za mikato ya milimita 1 au chini. Za milimita 5 hutoa mfupa wenye ngazi ngazi. Pata ruhusa, na ufute jina la mgonjwa, maana limo ndani ya faili lenyewe.

Modeli hizi hazina ulaini wala uzito wa nyama. Kwa hilo nunua moyo wa mbuzi buchani, wapasue ventrikali zote mbili na kulinganisha unene wa kuta kwa vidole. Ya kushoto ni nene zaidi kwa mbali. Fanyeni hivyo wiki ileile ya somo la 3D, kompyuta ikiwa wazi pembeni.