Mwalimu mstaafu, usilipie nakala elfu moja

Mwalimu mwenzangu, pole na hongera ya kustaafu. Unasema una miaka 61, uko Ngamiani, Tanga, unataka kuandika kitabu cha kuwatia moyo walimu vijana, na mchapaji anataka ulipie nakala 1,000 kwanza. Usilipe. Mimi nililipia 500 kwa kiinua mgongo changu. Zaidi ya nusu ziliishia uvunguni mwa kitanda, mchwa wakazifaidi.

Anza na daftari. Andika kisa kimoja tu: yule mtoto aliyekuja darasani na ndoo ya samaki wa kuuza, ulimwambia nini? Achana na "elimu ni ufunguo wa maisha", hiyo wameshaisikia. Kisha msomee mwalimu kijana mmoja barazani, kwa sauti. Akianza kuangalia simu, hapo pana maneno ya kukata. (Mke wangu alikuwa anasinzia kabisa.)

Visa vikifika ishirini, mtafute mhariri, uombe ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ndipo uchapishe nakala 50. Na wale walimu vijana, usingoje kitabu kiishe ndipo uwatie moyo. Nenda shuleni, muone mwalimu mkuu, omba hata nusu saa Ijumaa uzungumze nao.