Jibu: Blokucheni ya umma bila kuanika siri za kampuni

Ndugu, umeuliza kama kampuni inaweza kutumia blokucheni ya umma (daftari la kidijitali la miamala ambalo yeyote anaweza kulisoma) bila washindani kuona bei zake na wasambazaji wake. Inaweza, ila kuficha jina peke yake hakutoshi. Kwenye Ethereum ya kawaida, moja ya blokucheni hizo, anwani (kama namba ya akaunti) haina jina lako, lakini kila muamala uko wazi na haufutiki. Mshindani akishajua anwani moja ni yenu, anaweza kufuata malipo yake hadi kwenye anwani za wasambazaji wenu.

Teknolojia ya kuangalia ni uthibitisho usiofichua siri, yaani kuthibitisha kwamba jambo ni kweli bila kuonyesha taarifa zenyewe, wazo la watafiti Goldwasser, Micali na Rackoff la mwaka 1985. Kwa njia hiyo mtandao unahakikisha kwamba pesa ipo na haijatumika mara mbili, bila kuona kiasi wala mpokeaji. Zcash ililileta wazo hilo kwenye sarafu za kidijitali mwaka 2016, na mwaka 2019 EY, kampuni ya ukaguzi na ushauri, wakatoa programu ya Nightfall kwa ajili ya biashara zinazotumia Ethereum.

Mimi ningeanza na suala la wakaguzi, maana wengi hulisahau. Uliza kama kuna ufunguo wa kutazama, ambao mkaguzi anapewa aone miamala yenu bila uwezo wa kuhamisha hata senti. Bila huo, mhasibu wenu atapata taabu kubwa.

Na tafadhali, mikataba na taarifa za wateja msiziweke kwenye mnyororo, yaani kwenye blokucheni yenyewe, hata zikiwa zimesimbwa (zimefichwa kwa msimbo). Wekeni hashi tu, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye hati. Nakala za mnyororo ziko kwa watu wengi, na usimbaji wa leo unaweza kuvunjwa baadaye.