Kabla Hamjaihukumu Bodi

Juma lililopita, hapa karakanani Mwembe Tayari, Mombasa, nilimkuta kijana wetu mmoja akimweleza mteja kwa simu kwamba bodi ya oveni yake, yaani kile kibao cha saketi kinachoiendesha, imekufa, ilhali mita ilikuwa bado imo mkobani na zipu imefungwa. Sikumkaripia, kwa sababu katika mwaka wangu wa pili wa kazi hii niliwahi kusema maneno hayo hayo, tena kwa kujiamini kuliko yeye. Wadogo zangu, nawaandikia yafuatayo, na msininunie.

1. Zimeni umeme kwenye swichi kuu, kisha thibitisheni kwa mita, maana bodi nyingi za oveni hushusha volti kwa kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi chaji) bila transfoma, na ile sehemu mnayoiita graundi ya bodi yaweza kuwa na volti 240 zinazowangojea.

2. Pigeni picha nyaya zote kabla hamjachomoa hata mmoja.

3. Vipimeni kwanza vilivyo nje ya bodi. Elementi, yaani koili inayotoa joto, ya wati 2,000 kwa volti 240 hutarajiwa kusoma takriban omu 29 za ukinzani, na baina ya mguu wake na bati la oveni kusisomeke kitu. Kisha ipimeni sensa ya joto, na hapa ndipo nilipoaibika.

Aliniita bi mkubwa mmoja wa Mji wa Kale, mwoka keki za harusi, ambaye dirisha la jiko lake latazama bahari. Keki zake zilikuwa zikitoka mbichi katikati hata akiziongezea nusu saa. Niliichomoa sensa, nikaweka ncha za mita miguuni pake, nikapata omu 1,117, ambayo ndiyo namba halali ya PT1000, aina ya sensa ile, chumba kikiwa na nyuzi 30, basi nikaiachilia sensa na kuihukumu bodi. Bi mkubwa aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona asubuhi sijaiwasha, nayo yasema ina moto wa 80?" Nilimjibu, kwa kiburi ambacho hata leo chanichoma, kwamba huo ndio ushahidi wenyewe kuwa bodi imechanganyikiwa. Akatoa shilingi 23,000 kutoka akiba yake, akangoja bodi mpya wiki tatu huku akioka kwa jirani. Niliifunga, nikanywa kahawa yake, nikaenda zangu. Kesho yake alfajiri simu ikalia: "Mwanangu, yasema 80 vilevile."

Safari hiyo ya pili nilipima pale nilipostahili kupima tangu mwanzo, yaani kwenye plagi inayoingia katika bodi, nyaya na viungo vyote vikiwa njiani, nikasoma omu 1,310. Sensa ya aina hiyo huongeza karibu omu 4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo zile omu 193 za ziada ni joto la uongo la nyuzi kama 50, na oveni iliyowekwa 180 ilikuwa ikijizima ikifika 130. Bodi zote mbili, ya zamani na mpya, zilikuwa zikisoma kwa uaminifu zilicholetewa. Niliufuata waya hadi nyuma ya oveni, nikakivuta kiungo cha plastiki, na unga wa kijani ukanimwagikia kiganjani. Ilikuwa ni kazi ya upepo wa chumvi, na dawa yake ilikuwa kukata ncha zilizolika na kubana vishikizo viwili vipya. Bodi niliyokwisha kuifunga haikurudishika dukani, basi fedha nilimrejeshea mwenyewe kwa miezi mitano, na kila nilipompelekea alinikatia kipande cha keki akinihimiza nitazame ilivyoiva katikati.

4. Maandishi ya kioo yakififia na rilei, yaani swichi ambazo bodi huziwasha na kuzizima, zikilia ovyo, ipimeni kapasita ya kushushia volti, kwani iliyoandikwa maikrofaradi 0.47 mara nyingi mtaikuta imebaki na nusu. Na hitilafu ikianza siku stima iliporudi kwa kishindo, tazameni varista (kinga ya volti inayozidi) na fyuzi kabla ya kitu kingine chochote.

5. Rilei kulia "tak" si dalili kwamba inapitisha umeme. Shikizeni mita kwenye ncha za elementi umeme ukiwa umezimwa, kisha washeni na msome bila kugusa kitu. Rilei ikilia nayo mita isisome volti, zimeni tena, geuzeni bodi na mwangalie kwa lenzi ufa mwembamba wa mduara unaozunguka miguu ya rilei kwenye lehemu. Ufa kama huo ndio niliomwonyesha kijana wetu katika bodi yake iliyokufa, akaufunga kwa tone la lehemu lisilozidi punje ya mtama, oveni ikapata moto. Tangu hapo ameishika simu, hajui aanzeje kumwambia mteja aliyekwisha kutuma fedha za bodi.