Mfumo ukiwa mzito, anza na await ya diski

Watumiaji wakilalamika mfumo ni mzito, wengi hukimbilia kuongeza RAM. Kabla hujatoa hela, angalia diski. Kwenye Linux sakinisha sysstat, kisha endesha `iostat -x 1` uzito wenyewe ukiwa unaendelea. Ripoti ya kwanza iruke, maana ni wastani wa tangu seva iwashwe.

Kazia macho r_await na w_await. Hizo ni milisekunde ambazo ombi la kusoma au kuandika hutumia hadi likamilike, foleni ikiwemo. Diski ya sahani yenye mizunguko 7200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, tena kichwa chake lazima kihame, kwa hiyo 10 hadi 15 kwa usomaji wa hapa na pale ni kawaida yake. SSD ikionyesha namba hizo kwa maombi madogo, tafuta kilichojaza foleni (safu ya aqu-sz). Mara nyingi ni bakapu iliyopangwa saa za kazi, na `iotop` itakutajia mhusika.

%util, yaani asilimia ya muda ambao diski ina kazi, isikutishe. Kwenye NVMe (aina ya SSD yenye kasi kubwa), asilimia 100 maana yake ni kwamba muda wote kulikuwa na angalau ombi moja linaloshughulikiwa, basi. Diski yenyewe huhudumia mengi kwa pamoja.

Diski mpya ipime kwa fio, programu ya kupima diski:

`fio --name=jaribio --filename=/data/jaribio.dat --size=20G --rw=randrw --rwmixread=70 --bs=4k --ioengine=libaio --iodepth=16 --direct=1 --runtime=300 --time_based`

Bila direct=1 utakuwa unapima RAM. Filename iwe faili jipya. Ukiandika /dev/sdb, data iliyomo inafutwa, na hapo ni bakapu tu itakayokuokoa. Ongeza iodepth (idadi ya maombi yanayotumwa kwa pamoja) hatua kwa hatua: IOPS, yaani maombi yanayokamilika kwa sekunde, zikiacha kupanda huku muda wa kusubiri ukirefuka, umefika kikomo cha diski.

Kwenye matokeo, wastani usikuridhishe. Soma mstari wa 99.00th: muda ambao maombi 99 kati ya 100 hukamilika ndani yake. Ukurasa unaoomba diski mara 50 una uwezekano wa karibu asilimia 40 kukumbana na angalau ombi moja kati ya yale mabaya zaidi, ile asilimia 1 ya mwisho. Huyo ndiye mtumiaji anayekupigia simu.

Mfumo ukianza vizuri kisha ukazama ghafla, na uko AWS (seva za kukodi za Amazon) kwenye diski ya aina ya gp2, shuku akiba ya IOPS. Diski ya GB 100 ina haki ya IOPS 300; hupanda hadi 3000 kwa takriban nusu saa, kisha hurudishwa pale pale. Aina ya gp3 hutoa 3000 muda wote.

Kwa ufuatiliaji wa kila siku, sar (nayo imo kwenye sysstat) hukusanya takwimu kila dakika 10, na kilele cha sekunde 30 humezwa humo. Punguza iwe dakika 1.