Kabla ya Kukodi Ekari Tatu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kilimo Kidogo

SWALI: Ndugu Mhariri, kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi kimepunguza wafanyakazi, nami nimelipwa stahiki zangu. Rafiki yangu amenitumia kwenye simu hesabu ya matikiti maji: ekari moja hubeba mashina 4,000, kila shina matunda mawili, na kila tunda likiuzwa shilingi 1,500 ninapata milioni 12. Nimeona mashamba ya kukodi huko Mkuranga na ninataka kuanza na ekari tatu. Nianze na nini?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Ndugu yangu, kuzidisha kwenyewe ni sahihi, ila hesabu hiyo inachukulia kwamba mbegu zote zitaota, inzi wa matunda hawatatoboa hata tikiti moja, matunda yote yatakuwa makubwa, na mnunuzi atakuwa amesimama ukingoni mwa shamba siku yanapoiva. Tikiti huchukua takriban siku 75 hadi 90 kutegemea mbegu, na muda wote huo fedha yako imelala ardhini; zikifika siku za kuvuna, majirani waliopanda wiki ileile nao wanavuna, na dalali anayejua kwamba tikiti lililoiva halisubiri ndiye anayetaja bei. Wengi hulenga mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa matunda hutafutwa sana kwa ajili ya futari, lakini mwezi huo hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo tarehe ya kupanda iliyomfaa mwenzako mwaka juzi huenda isikufae wewe. Sisemi tikiti halilipi. Ninasema si zao la kujifunzia kwa mafao yote ya kazi.

Ushauri wangu ni uanze na robo ekari, yaani kama mita za mraba 1,000, mahali penye maji ya uhakika na unapoweza kufika kila siku bila nauli kukumaliza, na upande mboga za majani. Mchicha hung'olewa wiki tatu hadi nne tangu kusia mbegu. Ukitengeneza matuta ya upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, ukaacha njia ya nusu mita kati yake, eneo hilo litabeba matuta kama 60. Usiyasie yote siku moja. Sia 15 kila wiki, ili ikifika wiki ya nne au ya tano uwe na cha kuuza wiki baada ya wiki. Wadudu wakiingia au samadi ikiwa mbichi ikaunguza miche, hasara itakuwa ya matuta 15, na wiki inayofuata utakuwa umeshajirekebisha.

Kabla hujashika jembe, nenda alfajiri kwenye bustani za mboga zilizo karibu nawe ukaangalie biashara inavyokwenda. Akina mama wanaozungusha mboga mitaani mara nyingi hununua kwa tuta. Mama hufika mapema, hugeuza jani kutazama kama upande wa chini una madoa meupe, hutembea urefu wa tuta akikadiria mafungu atakayoyafunga, ndipo anapotaja bei; wakielewana na mwenye bustani, hung'oa mwenyewe, huosha mizizi na kuondoka na beseni lake kichwani. Muulize mama huyo ni mwezi gani anahangaika kupata mboga, na usishangae akikujibu kwamba ni wakati wa masika. Kati ya Machi na Mei mabonde mengi yanayolisha jiji la Dar es Salaam hujaa maji, mchicha huoza, na bei ya tuta hupanda, kwa hiyo mwenye eneo la mwinuko, aliyeinua matuta yake na kuchimba mifereji ya kutoa maji, huuza vizuri wakati wenzake wakisubiri bonde likauke. Hicho ndicho kigezo cha kuchagulia shamba, kuliko unafuu wa kodi. Vilevile usikodi kando ya mfereji unaopokea maji taka, hata kama mboga zinastawi hapo kuliko kwingineko.

Kuhusu dawa, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Dawa inayotaka siku 14 haina nafasi kwenye mchicha wa siku 25, na anayeinyunyiza Jumatatu akauza Alhamisi anawalisha watu sumu, hata kama sokoni hakuna atakayemuuliza.

Fedha zako zigawe mafungu matatu: moja liingie shambani, la pili lisubiri duru itakayofuata endapo ya kwanza itaharibika, na la tatu lilishe nyumba bila kuguswa na shamba. Andika gharama za kila tuta, pamoja na ujira wako mwenyewe, jambo ambalo wengi hulisahau. Kwa mfano, tuta lililokula shilingi 3,500 za mbegu, samadi, maji, vibarua na ujira wako, likiuzwa 5,000, limekubakizia 1,500 tu. Ukiwa na takwimu za namna hiyo ulizoziandika kwa mkono wako, utajua kama ekari tatu zinakufaa.

SWALI: Nimechimba kisima Kigamboni, lakini maji yana chumvi kidogo na pilipili hoho zangu zinaungua ncha za majani. Niache kilimo?
Dada msomaji, Kigamboni

JIBU: Hapana, dada yangu, badilisha zao kwanza. Spinachi huvumilia chumvi, na mchicha nao hujitahidi, kuliko hoho na hasa maharage, ambayo huathirika mapema sana. Mwagilia kwenye shina jioni badala ya kurusha maji juu ya majani, ongeza samadi iliyooza vizuri, na usivute maji kwa saa nyingi mfululizo, kwa sababu ukanda wa pwani kisima kikivutwa kupita kiasi maji ya bahari husogea chini kwa chini. Sampuli ya maji na ya udongo unaweza kuipeleka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ikapimwe kabla hujatumia fedha zaidi.

SWALI: Kijana asiye na hati ya nyumba anapata wapi mkopo wa kuanzia kilimo?
Msomaji, Chanika

JIBU: Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kijana huomba kupitia kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Ningependa, hata hivyo, kikundi chenu kilime na kuuza duru mbili tatu kwa michango yenu wenyewe kabla ya kuomba, kwa sababu marejesho ya mkopo yana tarehe zake, na mtakaporatibu siku za kusia ni vyema mjue tayari ni wiki zipi fedha huingia na zipi haziingii.