Kwa nini kaunti inasaini badala ya kupambana

Ndugu, umeuliza kwa nini kaunti za Marekani zinakubali fidia ya opioidi (dawa kali za maumivu zinazoleta uraibu) badala ya kuzibana kampuni zilizozitengeneza na kuzisambaza mpaka hukumu. Hukumu haina uhakika. Kule jimbo la West Virginia, mji wa Huntington na kaunti ya Cabell waliwapeleka wasambazaji watatu wa dawa hizo mahakamani mpaka mwisho, na mwaka 2022 jaji hakuwapa hata senti. Ikabaki rufaa.

Halafu mkataba wa fidia wa 2021, wa hadi dola bilioni 26 (McKesson, Cardinal Health, AmerisourceBergen na Johnson & Johnson), uliandikwa kijanja: kadiri serikali za mitaa zinavyojiunga kwa wingi, ndivyo jimbo linavyopata fungu kubwa. Kwa hiyo shinikizo linatoka kwa jirani zako, si kwa kampuni tu. Na ukishasaini, huzishtaki tena kampuni hizo.

Wasambazaji wanalipa kidogokidogo kwa miaka 18. Angalau asilimia 85 lazima iende kwenye kutibu na kuzuia uraibu, mfano naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumzindua aliyezidisha opioidi. Hilo majimbo yalijifunza kwenye fidia ya 1998 kutoka kampuni za sigara, ambayo sehemu kubwa ilimezwa na bajeti za majimbo. Hata hivyo kuna mahali pesa za opioidi zimeshanunua magari ya polisi.